Mashine ya Msasa na Mbavu za Gitaa: Tao la Mita 4.57 Juu ya Meza ya Sentimita 60

Mashine ya msasa wa mkanda haijui kusimama. Isukumie kijiti cha sprusi, mbao nyepesi ya gitaa, chenye upana wa milimita 8, na mkanda wa namba 80 utakuwa umekula milimita nzima kabla hujapiga chafya. Kwa fundi wa stuli hiyo si hasara. Kwa fundi wa gitaa, milimita hiyo moja kwenye mbavu yenye kimo cha 15 imeondoka na karibu sehemu ya tano ya ugumu wake, na hakuna gundi ya kuirudisha. Ndiyo maana karibu kila kitu tunachoiongezea mashine hapa chini ni breki ya namna fulani.

Kwanza majina. Mafundi wengi huku Kisumu huiita mashine hii sanda, jina linalowachekesha watu wa pwani kwa sababu kwao sanda ni nguo ya maiti. Tutaiita mashine ya msasa, yaishe. Na tukisema mbavu hatusemi zile mbao nyembamba za kando zilizopindwa kwa moto. Tunasema vijiti vilivyobandikwa ndani, nyuma ya uso na nyuma ya mgongo, usivyoviona mpaka umulike tunduni kwa tochi.

Nyuzi za chuma zikishakazwa huvuta kwa jumla ya kilo 70 hivi. Uso wa gitaa una unene usiofika milimita 3, na bila mbavu ungebonyea mbele ya daraja na kuvimba nyuma yake. Mbavu mbili kuu za uso hupishana kama herufi X, mpangilio ambao kampuni ya C. F. Martin ya Marekani imekuwa ikiutumia tangu miaka ya 1840 na ambao karibu kila gitaa la nyuzi za chuma limeurithi. Upana wa mbavu hizo ni milimita 8 kwa kawaida, kimo 14 hadi 16 pale zinapopishana. Ukiongeza upana, ugumu huongezeka kwa kiasi kilekile. Kimo kina hesabu yake: ugumu hufuata kimo mara kimo mara kimo. Toka 15 hadi 14, umepoteza asilimia 19. Toka 15 hadi 13.5, asilimia 27. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua ni kazi gani upewe mkono na ni kazi gani ipewe mota.

Sisi tunaipa mota kazi moja kubwa: tao la chini ya mbavu, upande unaopakwa gundi. Kazi nyingine ndogo ni ncha, na hiyo nayo tunaipa nusu tu.

Uso na mgongo wa gitaa si bapa kama unavyodhani ukitazama kwa mbali. Mgongo hubinuka kwa tao la nusukipenyo cha futi 15, yaani mita 4.57. Uso hubinuka kidogo tu: futi 25 hadi 30, na hapa tutatumia 28, yaani mita 8.53. Sababu mojawapo ni hali ya hewa, na huku kwetu sababu hiyo ina uzito. Gitaa lililofungwa kando ya ziwa wakati wa masika likipandishwa Nakuru, mita 700 juu zaidi, Januari upepo mkavu unapovuma, mbao ya uso husinyaa kwa upana wake. Mbavu hazisinyai kwa urefu, kwa hiyo hazifuati. Uso uliobinuka una nafasi ya kushuka kidogo. Uso uliobandikwa bapa hauna pa kwenda, unapasuka.

Kwenye mbavu ya mgongo yenye urefu wa milimita 400, tao la mita 4.57 maana yake ni kwamba katikati pamezidi ncha kwa milimita 4.4. Kwenye uso, kwa urefu uleule, ni 2.3. Ni tao usiloweza kulikadiria kwa jicho, na ukilikosea kwa nusu milimita gundi ndiyo itakayolazimishwa kuziba pengo.

Mkono wa mita 4.57 usioonekana

Njia ya wazi ni kufunga kijiti kwenye mwisho wa mkono wenye urefu wa mita 4.57, kuchimbia ekseli yake upande wa pili wa uwanja, na kukizungusha mbele ya mkanda. Nani ana kibanda hicho? Njia ya pili ni sahani ya mbao iliyochimbwa tao na kubandikwa msasa, ukisugua mbavu humo kwa mkono. Hiyo ni nzuri na hatuiachi, ila kwa kumalizia. Kutoa milimita 4 kwa mkono kwenye mbavu kumi na kitu ni kujitafutia maumivu ya mabega.

Njia tunayoishauri inategemea jambo dogo la jiometri. Ukichukua ubao wenye ukingo wa tao, ukauegemeza kwenye nukta mbili zisizosogea na kuutelezesha bila kuachia nukta yoyote, ubao huo hauna njia nyingine ya kwenda ila kuzunguka kitovu cha tao lake. Yaani beringi mbili zilizoachana kwa milimita 160 zinafanya kazi ya mkono wa mita 4.57. Kiolezo, yaani ubao huo wa tao, kinatembea juu ya beringi, mbavu imelala juu ya kiolezo, mkanda uko katikati ya beringi, na kinachobaki kwenye mbavu ni tao lilelile.

Mashine inayofaa ni ile ndogo ya mezani yenye mkanda wa milimita 100 kwa 914, ambayo mkono wake unaweza kusimamishwa wima. Isimamishe. Mkanda ukishuka kuelekea mezani, unaigandamiza kazi chini badala ya kuirusha, kwa hiyo angalia mshale wa mzunguko kabla ya kitu kingine. Kabla ya kununua mashine yoyote ya mtumba, uliza kwanza mikanda ya saizi hiyo inapatikana wapi. Mashine ni rahisi kupata kuliko mikanda yake. Soma pia kibati cha mota: mashine iliyotoka Marekani ikiandikwa volti 110 na hezi 60, stima yetu ya volti 240 na hezi 50 itaiunguza. Hata ukiipitishia transfoma, mota yake itazunguka kwa tano ya sita tu ya kasi yake, jambo ambalo kwa kazi hii si baya hata kidogo.

Kasi inahesabika. Mota ya poli nne huzunguka mara 1,450 hivi kwa dakika. Rola ya kipenyo cha milimita 50 ikizunguka hivyo, mkanda unakimbia mita 228 kwa dakika. Kwa sprusi hiyo inatosha, na zaidi ya mita 300 utaanza kunusa harufu ya mbao iliyoungua. Ukitaka kuipunguza, badilisha pulei. Usijaribu kuipunguza kwa swichi ya kuzungusha ya kufifisha taa: hiyo hufaa mota za brashi za mashine za mkononi, lakini mota ya aina hii itanguruma, itapata joto, na utaipeleka kusukwa upya.

Sasa meza. Meza ya chuma inayokuja na mashine ni ndogo, haifiki hata upana wa kitabu kilichofunuliwa. Juu yake funga meza mpya ya plaiwudi ya milimita 18, upana 600 na kina 300. Usiifunge moja kwa moja. Ichimbe mifereji miwili ya milimita 8 kwa urefu wa 30, ikielekea kwenye mkanda, na ifunge kwa bolti za M8 zenye nati za masikio, ili meza yote iweze kusogea mbele na nyuma. Kwenye ukingo wa mbele wa meza ya zamani funga gogo dogo la mvule lenye nati ya M6 iliyochimbiwa ndani, na pitisha bolti ndefu ya M6 inayoisukuma meza mpya kuelekea kwenye mkanda. Uzi wa M6 una hatua ya milimita moja. Robo ya mzunguko ni robo milimita. Hiyo ndiyo breki ya kwanza, na ukiweka nati ya pili ya kufungia kwenye bolti hiyohiyo, una mahali ambapo meza itakataa kuendelea hata ukiwa umesahau.

Beringi ni namba 608, zile za viatu vya magurudumu: tundu 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Zinauzwa kila duka la beringi, nazo ni rahisi. Zifunge kwa bolti za M8 juu ya meza mpya, moja kila upande wa mkanda, milimita 80 kutoka katikati. Chini ya kila beringi weka washa ndogo inayogusa pete ya ndani pekee. Ukiweka washa pana, beringi itafungwa isizunguke, nawe utadhani imeharibika. Meza ikiwa imesogezwa hadi mwisho wake, mstari unaogusa nyuso mbili za beringi upande wa kiolezo unapaswa kuwa milimita 2 mbele ya mkanda. Tumbo la kiolezo cha mgongo huingia kati ya beringi kwa milimita 0.7, hivyo hubaki milimita 1.3 kabla ya kugusa mkanda. Kiolezo hakiliwi, na mbavu hutokeza milimita hiyo 1.3 nje yake.

Kuchora tao bila kamba

Kiolezo kinahitaji kuzidi mbavu kwa milimita 100 kila upande, kwa sababu ncha ya mbavu inapofika mbele ya mkanda, lazima beringi zote mbili ziwe bado zinagusa ubao. Kwa mbavu za mgongo hadi milimita 400, kiolezo cha 600 kinatosha. Kwa zile za X tengeneza cha 750.

Watu hupenda kuchora tao kwa kamba na penseli. Kamba ya katani hurefuka ukiivuta, na waya una mikunjo yake, na kwa mita nne na nusu makosa hayo yanatosha kukuharibia kazi. Tumia hesabu: umbali kutoka katikati mara wenyewe, gawanya kwa nusukipenyo mara mbili. Kwa tao la mgongo, ukitoka katikati milimita 50 unashuka 0.27, kwa 100 ni 1.09, kwa 150 ni 2.46, kwa 200 ni 4.37, kwa 250 ni 6.84; na kwa 300 ni 9.84. Kwa tao la uso: kwa 100 ni 0.59, kwa 150 ni 1.32, kwa 200 ni 2.34, kwa 250 ni 3.66, kwa 300 ni 5.27, na kwa 375 ni 8.24. Weka alama kwa kalipa, pigilia misumari myembamba kwenye alama, pinda rula ndefu ya chuma iiguse yote, chora. Kata nje ya mstari kwa msumeno, malizia kwa randa na msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu.

Plaiwudi ya milimita 12 isiyo na mashimo ndani inafaa. MDF inachongeka vizuri zaidi lakini hewa ya ziwa huivimbisha kingo. Ukiitumia, ilowanishe ukingo kwa supa glu nyepesi, isugue, kisha vanishi pande zote.

Usikiamini kiolezo mpaka ukijaribu. Zima mashine, ondoa plagi, na funga skrubu yenye ncha katikati ya beringi, mahali pa mkanda, kiasi kwamba karatasi moja ya fotokopi inapita kwa shida kati ya ncha na kiolezo. Karatasi hiyo ina unene wa karibu milimita 0.1. Telezesha kiolezo mwanzo hadi mwisho ukivuta karatasi kila sentimita 5. Ikikwama, pana kilima. Ikianguka, pana bonde. Rekebisha vilima tu. Mabonde yatatoweka yenyewe ukiendelea kupunguza majirani zake.

Mbavu hulala kwa ubavu juu ya kiolezo, upande wa gundi ukitazama mkanda. Nyuma yake skrubia kipande cha mbao cha kuiegemeza, na iminye kwa kabari mbili au klampu za mkono mmoja. Gamu ya pande mbili huteleza ikipata joto na huacha mafuta ambayo gundi haiyapendi. Bandika msasa wa namba 100 juu ya kiolezo na mbavu haitacheza. Unaweza kupanga mbavu tatu moja juu ya nyingine, milimita 24 kwa jumla, na zote zikatoka sawasawa. Lakini hapo pembe ya meza inakuwa jambo kubwa. Bamba la nyuma ya mkanda likiwa limeinama digrii moja tu, kwenye upana wa milimita 8 chini ya mbavu patakuwa na mwinamo wa 0.14, na gundi itashika ukingo mmoja. Pima kwa skwea juu ya kiolezo, si juu ya meza, na weka vipande vya bati chini ya meza mpaka mwanga usipite.

Kijiti chenyewe

Mashine haitengenezi mbao mbaya kuwa nzuri. Kijiti cha mbavu kipasuliwe kwa patasi pana, kisikatwe kwa msumeno kwanza, ili ujue mshipa unakwenda wapi. Mshipa ukitokea ubavuni kabla ya kufika ncha, mbavu itavunjika hapo siku moja. Mistari ya miaka iwe imesimama wima kwa uso wa gitaa.

Sprusi haioti porini hapa, inaagizwa. Badala yake mafundi hujaribu saiprasi na podo. Podo haina mistari ya miaka inayoonekana vizuri, ndiyo maana kuipasua si hiari. Saiprasi ni nyepesi, lakini ina vifundo vingi na kupata milimita 500 safi ni kuchagua mbao nyingi. Paini achana nayo kwenye mashine hii: utomvu wake huziba mkanda mpya kabla ya kumaliza gitaa moja. Mtarakwa hupasuka ovyo na vumbi lake huwasha pua.

Kulinganisha ni rahisi. Chonga kijiti cha sprusi na kijiti cha mbao yako, vyote 8 kwa 15, viweke juu ya magogo mawili yaliyoachana kwa milimita 400, ning'iniza kilo 3 katikati, pima kila kimoja kimeshuka kiasi gani. Sprusi nzuri itashuka milimita moja na nusu hivi. Podo ikishuka asilimia 30 zaidi, huhitaji kuongeza kimo kwa asilimia 30. Ile hesabu ya kimo mara tatu inakusaidia sasa, na 16.4 badala ya 15 inatosha. Kisha vipime vyote kwa mizani ya jikoni uone uzito uliouongeza. Mbavu ya sprusi ya milimita 500 ina gramu 25 au pungufu kidogo. Ukijikuta kwenye 35, umebeba mzigo ambao uso utausikia.

Kuendesha, na yanayoharibika

Kata tao kwa msumeno kwanza, ukiacha milimita moja nje ya mstari. Chora mistari ya penseli kizembe kwenye upande wa gundi. Rudisha meza nyuma milimita 2, washa, subiri mkanda utulie katikati ya rola, kisha telezesha kiolezo kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, ukisukuma pale mbele ya mkanda, wala si kwenye ncha. Robo mzunguko wa bolti, pitisha tena. Penseli ikifutika yote, umemaliza. Usipite mara moja zaidi "kwa uhakika".

Ukisukuma ncha, beringi moja inaachia na mkanda unachimba bonde. Utalijua kwa mahali lilipo: milimita 80 hivi kutoka pale mkono wako ulipokuwa. Haliondoki mpaka upunguze mbavu yote, kwa hiyo tahadhari ni mkono kukaa katikati.

Ncha huliwa zaidi kuliko hesabu inavyosema, kwa sababu mkanda hujiinua kidogo mbele ya kitu kinachoingia. Hakuna marekebisho yanayoondoa jambo hili kabisa. Acha milimita 25 za ziada kila upande, uzikate baadaye.

Chini ya mbavu pakiwa na mgongo wa samaki, yaani katikati pamepanda na kingo zimeliwa, mkosaji ni kitambaa laini kilichobandikwa kwenye bamba. Kibandue. Mkanda uegemee chuma kigumu, na bati la milimita 6 lililonyooshwa kwa msasa juu ya kioo ni bora kuliko bamba jembamba la kiwandani, ambalo mara nyingi lina bonde katikati. Kigandishe kitambaa cha grafati pekee, na ukikague, kwa maana mbavu zikipita kimo kilekile kila siku huchimba mfereji.

Mkanda wenye kiungo cha kupandana hugonga kila mzunguko, na mgongo huo huandika mistari kwenye mbao. Chagua wenye kiungo cha kukutana, uliobandikwa utepe nyuma. Huku ziwani unyevu huila gundi ya kiungo, basi usiuning'inize kwenye msumari: uvike kwenye kipande cha bomba la inchi 4, ndani ya mfuko. Ukiziba, usafishe kwa soli ya krepu ya kiatu cha zamani, mashine ikiwa inazunguka. Akala hazifai, mpira wa tairi huungua na kuacha weusi.

Jirani akiwa fundi wa kuchomelea, na huku vibanda vimebanana, kila akigusisha chuma volti hushuka na mkanda wako hupunguza mwendo. Ukisikia mlio umebadilika, vuta kazi nyuma. Stima ikipotea, zima swichi papo hapo. Bora zaidi funga ile swichi inayojiachia yenyewe, maana stima ikirudi ghafla na kiolezo kimeegemea mkanda, kitaruka.

Wenye mashine ya mkononi ya mkanda wa 75 kwa 533 wanaweza kuilaza kwa ubavu kwenye kitanda cha mbao na kutumia beringi zilezile. Tofauti moja ni ya hatari: hapo mkanda unakimbia kuufuata urefu wa mbavu, na utakunyang'anya kiolezo. Kisukume siku zote kukabiliana na mwendo wa mkanda, na weka kizuizi mwishoni.

Vidole vikae milimita 100 kutoka mkandani. Skrubia vishikio viwili kwenye kiolezo. Glavu hapana.

Ncha

Mbavu za uso hupunguzwa ncha kutoka kimo kamili hadi milimita 2 au 3, pale zinapoingia ukingoni. Laza mkono wa mashine, na badala ya bamba bapa funga kigogo cha mvule chenye tumbo la nusukipenyo cha milimita 150, kilichovikwa kitambaa cha grafati. Mkanda hukumbatia tumbo hilo vizuri. Ukiishusha mbavu kifudifudi, ikitazama urefu wa mkanda, inatoka na mteremko laini wa milimita 60 hivi. Rola ya mwisho wa mashine haiwezi kazi hii. Nusukipenyo chake ni 25 tu, itachimba shimo.

Weka kizuizi cha mbao pande zote mbili ili mbavu isiweze kushuka chini ya milimita 4 za ncha. Milimita moja au mbili zilizobaki ni za patasi, baada ya kubandika. Hapo ndipo mashine inapokoma. Kingo za juu kuzifanya kama paa la nyumba tunaziacha pia kwa randa ndogo, kwanza kwa sababu fito za kukandamiza wakati wa kubandika zinahitaji mgongo bapa wa kukalia, pili kwa sababu ndipo fundi anapogonga uso kwa kidole na kusikiliza. Gitaa la mpiga omutibo, ule mtindo wa Uluhyani uliovuma na George Mukabi, linapigwa kwa vidole vitupu na linavumilia mbavu nyepesi. La kwaya, linalokung'utwa kwa plastiki Jumapili nzima, linataka kimo kibaki. Mkanda hausikii tofauti hiyo.

Kabla ya gundi

Mkanda uliochakaa hausagi, unapasha moto. Mbao hung'aa, na mbao inayong'aa haishiki gundi. Dondosha tone la maji upande wa gundi: likienea na kunywewa, sawa, likikaa kama shanga, pitisha msasa mpya wa namba 120 mara tatu nne kwenye sahani ya tao, au kikwaruzo chenye makali. Piga brashi, na ubandike siku hiyohiyo. Ukiacha mbavu wiki mbili kibandani, hewa itakuwa imezibadilisha.

Hewa hiyo ni sehemu ya kazi. Mbao za uso, mgongo na mbavu zikae siku kadhaa kwenye sanduku la plaiwudi lenye balbu ya wati 40 na kipima unyevu, mpaka kisome karibu asilimia 45, na zibandikwe mara zinapotolewa. Msimu wa mvua Kisumu hakuna njia ya mkato ya jambo hili.

Vumbi nalo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Leso puani haizuii vumbi laini; vaa barakoa ya FFP2. Chini ya mkanda funga mdomo wa bati, bomba la maji taka la inchi 4, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko kabla ya kifyonzavumbi, ili vumbi zito lidondoke humo. Na jirani akija na panga lake aombe kulinoa "dakika moja tu" kwenye mkanda wako, mkatalie kwa heshima. Cheche zitaingia ndani ya ndoo hiyo, kwenye vumbi kavu la sprusi, na moto wa vumbi hufuka kimyakimya saa kadhaa kabla ya kuonekana. Mwaga ndoo kila jioni, nje, kabla ya kufunga kibanda.